Karatasi Moja Katika Faili la Mdogo Wangu

Nianze kwa kusema kwamba mimi si mtu mbaya. Najua, wanaoanza hivyo ndio wabaya wenyewe, lakini nisikilizeni kwanza. Miaka kumi na tisa nimekaa kwenye ofisi ya kumbukumbu ya kampuni ya ndege, ghorofa ya chini, chumba chenye dirisha moja linalotazama magurudumu ya magari ya mizigo. Kazi yangu ni mafaili ya marubani. Wananiita Bwana Faili. Mwanzoni niliudhika, siku hizi naitika.

Watu hudhani rubani akitaka kuhamia kampuni nyingine anavaa tu shati lake jeupe, anapeana mikono na wakubwa, anapewa ndege. Thubutu! Kampuni mpya inawaandikia waajiri wake wa zamani: tuleteeni kila kitu. Na kila kitu maana yake kila kitu. Mitihani aliyofaulu na aliyoanguka, barua za onyo, siku alizosimamishwa, kama aliwahi kupimwa pombe na majibu yalikuwaje, na kama aliondoka mwenyewe au alifukuzwa. Rubani anasaini kwamba ameruhusu, na chochote tunachotuma anapewa kopi yake. Halafu wale waajiri wapya wanachukua fomu aliyoijaza yeye, wanachukua karatasi zetu, wanalinganisha mstari kwa mstari. Aliyeanguka mtihani na akasema alianguka, anaajiriwa kila siku, wako wengi. Ila maneno yake yasipofanana na karatasi, basi, kwisha habari yake. Nimeona majitu yenye mistari mabegani yakija pale kaunta yangu kubembeleza, jasho linawatoka.

Na mimi nilikuwa niwe mmoja wao. Naam, rubani. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimefaulu hesabu na fizikia vizuri kuliko kijana yeyote wa mtaa wetu, barua ya chuo cha urubani iko mkononi, Mama ameshawatangazia majirani wote hadi wale asiosalimiana nao. Kilichobaki ni daktari. Akanipima moyo, akanipima masikio, akanipiga goti kwa kinyundo. Mwisho akafungua kitabu chenye kurasa za vidoti vidoti.

"Unaona namba gani hapa?"

"Hakuna namba, daktari."

Akafungua ukurasa mwingine. Hakuna namba. Mwingine. Nikaanza kubahatisha: nane, tatu, hamsini na mbili. Akakifunga kile kitabu taratibu, akaniambia kwamba nyekundu na kijani kwangu ni kitu kimoja, nimezaliwa hivyo, na hakuna dawa. Mimi miaka yote nilidhani watu wanapozozana kuhusu rangi wanatania tu.

Aliyelijua jambo hilo kabla yangu alikuwa mdogo wangu. Tulilala chumba kimoja, yeye miaka minne nyuma yangu. Tangu ana miaka sita alikuwa akinisubiri mlangoni asubuhi, ananivuta shati, ananong'ona: "Kaka, soksi." Basi. Hasemi zaidi. Ninarudi, nakuta ameshaniwekea nyingine kitandani. Hakuwahi kuniambia mbele ya watu, hakuwahi kunicheka. Nilikuwa namchukia kwa hilo, mnaelewa? Kaka mtu mzima, mguu wangu mwenyewe, na bado nahitaji kibali cha mtoto.

Miaka minne baada ya mimi kurudishwa, yeye akaenda kwa daktari yuleyule, kitabu kilekile. Akazisoma namba zote. Mama alilia kwa furaha hadi kilemba kikamlegea. Mimi nilisema hongera, nikaenda nyuma ya nyumba, nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa mpaka giza lilipoingia.

Tangu siku hiyo mambo yakamnyookea. Mapicha yake ukutani sebuleni kwa Mama: huyu hapa na sare ya kwanza, huyu hapa mlangoni mwa ndege, huyu hapa na mistari minne begani. Picha yangu ipo pia, ya kazini, nimeshika cheti cha mfanyakazi hodari, imewekwa karibu na swichi ya taa. Wageni wakiwasha taa ndipo wananiona. "Na huyu?" "Huyu ni kaka yake Kapteni," anasema Mama. Mimi niliyemtangulia duniani ni kaka yake Kapteni!

Yeye aliajiriwa kampuni hiihii niliyoko. Mnaweza kufikiri nilifurahi. Kila alipokuwa na nafasi alishuka chini kunisalimia, kofia kwapani, akichungulia mlangoni. "Shikamoo kaka." Wenzangu wanasimama, wanataka kumshika mkono. Yeye kwanza macho yake yanashuka miguuni kwangu, haraka sana, halafu yanapanda. Siku nyingine anainama kama anayeokota kitu, ananong'ona: "Kaka, soksi." Mtu wa miaka arobaini! Nilikuwa nataka ardhi ipasuke.

Bosi wangu ni mwanamke mfupi, mkali, mwenye miwani inayoning'inia kwa mnyororo. Tunamwita Mama Mihuri, si mbele yake. Jina hilo alilipata miaka minane iliyopita. Wakati huo karatasi za mitihani ya marubani zilitofautishwa kwa rangi tu: ya kijani amefaulu, nyekundu arudie. Hakuna neno kubwa popote, alama ziko ndani kwa mwandiko mbaya kama wa daktari. Nikaweka nyekundu ya rubani mmoja katikati ya kijani, ikatumwa hivyo, kukawa na kelele, nikapewa barua ya onyo. Mwezi uliofuata karatasi zote zikaanza kuja na muhuri mkubwa wa wino mweusi: AMEFAULU. ARUDIE. Nikajua ni yeye bosi, kanionea huruma. Nikampa jina.

Sasa sikilizeni. Jumatatu moja asubuhi Mama Mihuri akanitupia bahasha mezani.

"Faili la mdogo wako. Anahama. Kampuni kubwa imemtaka, zile ndege za kuvuka bahari."

Hakuwa ameniambia. Mama alikuwa anajua, shemeji alikuwa anajua, hata mlinzi wa getini nilikuja kugundua alikuwa anajua. Mimi kaka yake nilipata habari kwenye bahasha.

"Kwa kanuni nilifanye mimi, wewe ni ndugu," akasema Mama Mihuri. "Lakini wakaguzi wa wizara wako juu, wananimaliza. Andaa, niletee nisaini."

Nikalifungua. Matokeo ya mitihani hukaa chumba cha mafunzo ghorofa ya juu, hayashuki kwetu mpaka rubani anapoomba kuondoka, kwa hiyo nilikuwa sijawahi kuyaona ya kwake. Nikaanza kugeuza. Amefaulu. Amefaulu. Amefaulu, na mwalimu kaandika pembeni, mtulivu sana. Amefaulu. Kijiba kinanikaa rohoni, najikaza. Nilikuwa natafuta doa, sifichi. Chozi la wino, siku moja ya kuchelewa, chochote.

Nikalipata. ARUDIE.

Miaka sita nyuma, mtihani wa kupandishwa kuwa kapteni, ndani ya ile mashine ya kuigizia ndege. Walimwashia moto injini ya kushoto baada tu ya kuruka. Akazima ya kulia. Mdogo wangu, Kapteni wa Mama, alizima injini iliyo nzima akaacha inayoungua. Kama ingekuwa ndege ya kweli, tungekuwa tunasimulia mengine.

Nilifurahi. Nasema kweli yangu, nilifurahi nikahisi joto hadi vidoleni. Nikainuka nikafunga mlango, nikaisoma mara tatu. Nikakumbuka ile sherehe ya mistari minne, Mama akigawa soda, na mimi nikibeba viti vya kukodi. Kumbe mwenzetu alikuwa ameanguka na amekaa kimya!

Karatasi iliyofuata ilikuwa ya wiki tatu baadaye. Mtihani uleule, injini ileile, muhuri: AMEFAULU. Mwalimu kaandika kwamba hajawahi kuona mtu akirudia vizuri hivyo.

Hiyo ndiyo iliyoniua. Ningevumilia kama angeponea chupuchupu. Lakini huyu hata kuanguka kwake kunaishia kwa sifa.

Nikaichomoa ile ya pili. Sikufikiri kwa muda mrefu, nisiwadanganye kwamba nilipigana na nafsi yangu. Nilijua vizuri sana itakavyokuwa. Yeye kwenye fomu yake ama ameficha kwamba alianguka, na atanaswa, ama ameandika kwamba alianguka akarudia akafaulu, na wataona kuanguka bila kufaulu, watasema mwongo. Kokote atakakogeukia, kitumbua kimeingia mchanga. Nikaitia ile karatasi katikati ya rundo la nyekundu za marubani wengine zinazosubiri kurudishwa juu. Nikapeleka faili. Mama Mihuri akasaini amesimama, simu sikioni, hakuhesabu kurasa. Aliniamini.

Siku kumi nilikula vizuri, nililala vizuri. Mke wangu akaniuliza nina nini, mbona naimba bafuni.

Siku ya kumi na moja mdogo wangu akashuka. Hakuwa na kofia. Hakunitazama miguuni.

"Kaka, wamenisimamisha kule," akasema. "Wanasema kwa karatasi zilizotoka hapa, mimi nimekuwa kapteni bila kufaulu. Na mimi niliwaeleza kila kitu, kwamba nilianguka, siku gani, kosa gani, na nilirudia lini. Darasa lao linaanza baada ya wiki mbili. Nisipoeleweka kabla ya hapo, nafasi wanampa mwingine, na hapa nimeshaandika barua ya kuacha."

Kwa hiyo hakuficha. Aliwaandikia wageni kitu ambacho sisi nyumbani hakutuambia.

"Itakuwa juu huko, watu wa mafunzo," nikasema. "Unawajua wale."

"Nisaidie kuitafuta, kaka. Wewe ukitafuta kitu hukikosi."

Nikamwambia nitatafuta. Akashukuru. Akanishukuru!

Hakufika hata kwenye ngazi, Mama Mihuri akaniita chumbani kwake. Barua ya ile kampuni kubwa ilikuwa mezani. Waliuliza moja kwa moja: rubani wenu anadanganya, au ninyi mnagawa ukapteni bure? Pembeni ya barua ilikuwa ile karatasi niliyoizika. Ameipata mwenyewe, alipekua rundo zima kwa mkono.

"Imefikaje kwenye nyekundu?"

Nilikuwa nimejiandaa. "Rangi, mama. Nimechanganya. Unayajua macho yangu."

Akaisogeza ile karatasi, akaweka kidole juu ya muhuri. AMEFAULU, herufi nene kama kidole chake.

"Huu nao ni rangi?"

"Nilikuwa na haraka, mama. Sikuuona."

"Bwana Faili, miaka minane hujakosea hata karatasi moja. Unajua kwa nini?"

"Kwa sababu uliweka mihuri, mama. Na nilishukuru."

"Mimi?" Akavaa miwani. Akalivuta faili la mdogo wangu, akafungua sehemu ya nyuma kabisa, ya barua za kawaida, maombi ya likizo na vitu kama hivyo. Sehemu hiyo hatuitumi kwa mtu, na mimi sikuwa nimeigusa. Akatoa karatasi moja, akanigeuzia.

Mwandiko nikaujua kabla ya kusoma. Tarehe, wiki moja baada ya barua yangu ya onyo. Mdogo wangu wakati huo alikuwa rubani msaidizi, bado mgeni, asiye na sauti yoyote. Aliomba chumba cha mafunzo kipige muhuri wa maneno juu ya kila karatasi ya mtihani, kwa sababu katika ofisi ya kumbukumbu kuna mfanyakazi ambaye hatofautishi rangi hizo mbili, na ambaye ni makini kuliko mtu yeyote anayemfahamu. Alijitolea kuwanunulia mihuri yenyewe kama kampuni itakataa. Na chini kabisa: naomba asiambiwe kwamba ombi hili limetoka kwangu, hapendi.

Hapendi. Nikaisoma hiyo hapendi mpaka herufi zikaanza kucheza.

"Nilikatazwa kukuambia, sikukuambia," akasema Mama Mihuri. "Leo umenilazimisha. Sasa toka nje, uniandikie barua ya masahihisho. Sababu iandike wewe. Mimi nilisaini bila kusoma mara moja, nikaaibika, safari hii nitasoma."

Nilikaa mezani kwangu saa nzima. Niliandika kwanza: kutokana na hitilafu ya kiofisi. Nikachana. Nikaandika: kutokana na tatizo la macho la karani. Kalamu ikakataa kumaliza, au mkono, sijui. Kopi ingemfikia, ndiyo kanuni. Na nilimjua: angeisoma hiyo ya macho, angeiamini, angeniomba radhi.

Nikaandika kwamba karatasi iliondolewa na karani mwenyewe, kwa makusudi, na kwamba rubani hana kosa lolote na alisema kweli tangu mwanzo. Nikasaini jina langu lote. Mama Mihuri akaisoma, akavua miwani, akaifuta na kanga ya mabegani kwake muda mrefu. Kisha akasaini. Mimi nikapewa onyo la mwisho na kuhamishiwa hati za mizigo, chumba cha pili, hakina dirisha kabisa. Kazi nilibakiziwa. Baadaye nikasikia kuna mtu aliniombea, sikuuliza ni nani.

Ile kampuni kubwa ilimchukua siku mbili kabla ya darasa kuanza.

Mama akaandaa chakula cha mchana cha kumuaga. Mama hajui lolote, mpaka leo hajui. Mke wangu alitangulia asubuhi kwenda kusaidia jikoni, nikabaki navaa mwenyewe. Nilikaa kitandani na kapu la soksi, nikachagua zilizofanana, nikaziangalia kwenye mwanga wa dirisha, zikafanana. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nilikuwa nimeyapanga vizuri, yana mwanzo na mwisho.

Nilimkuta mlangoni anapokea watu, shati jeupe, watoto wa majirani wamemzunguka.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba."

Maneno yote yakayeyuka. Macho yake yakashuka miguuni kwangu, kama kawaida yake. Yakakaa pale. Nikasubiri, hata nikainamisha kichwa kidogo ili asisumbuke kunong'ona. Akayapandisha, akanitazama usoni, akanipa mkono.

"Karibu ndani, kaka," akasema, akamgeukia mgeni aliyekuwa nyuma yangu.

Basi nikaingia. Nikakaa sebuleni, karibu na swichi ya taa, miguu mbele, mchana kutwa. Watu wakala, wakacheka, wakapiga picha. Nilitokea kwenye picha nne. Saa kumi gari lake likaja, akakumbatia kila mtu, mimi nikiwa wa mwisho, akaondoka.

Nilikuwa nakunja viti Mama alipotoka na ufagio. Akasimama, akanitazama chini.

"Wewe! Nyekundu na kijani? Umekaa hivyo mbele ya watu siku nzima?" Akaangua kicheko, kisha akaacha. "Mdogo wako hakukuambia?"

Nikamwambia labda hakuona.